UZI: Kijiji cha bahari Ugiriki watalii wakiwa hawapo (Galaxidi, Februari mpaka Jumatatu Safi)

BintiTanga:
Wakuu salaam. Niliahidi nikitoka Ugiriki nitaleta mrejesho, nikapotea, maana Ramadhani na shift za usiku wodini haviendi pamoja kabisa, ila leo nipo off na chai ipo pembeni kwa hiyo tulieni.

Kwa msionijua, mimi mtu wa Tanga, nipo Ujerumani kikazi. Huku likizo uliyobakiza mwaka jana ikifika tarehe 31 Machi hujaitumia imekula kwako, sasa mimi nilikuwa na siku kibao zimebaki na mwezi wa pili huku ni baridi na giza tu. Wenzangu wodini wakakimbilia Dubai na visiwa vya Kanari. Mimi nilitaka bahari tu, nikae, nilale, nile samaki, nisisumbuliwe na mtu anayenikodishia kitanda cha ufukweni. Ndo nikaangukia Galaxidi.

Kipanga1:
Siti ya mbele nishakaa. Hiyo Galaxidi ndo wapi? Sisi tunajua Santorini na Mykonos

BintiTanga:
Kipanga1 ipo bara, sio kisiwa. Ukishika ramani ya Ugiriki kuna ghuba ndefu inaingia katikati ya nchi, Ghuba ya Corinth, sasa Galaxidi ipo upande wa kaskazini wa hiyo ghuba, chini ya Delphi, pale penye magofu ya kale. Ng'ambo unaona milima ya Peloponnese, ukigeuka nyuma unaona Parnassus yenye theluji, mita 2,457 huo mlima. Yaani umekaa gatini na koti jepesi, jua linakupiga usoni, na theluji unaiona.

Santorini nilishaifikiria, ila mwezi ule wa pili 2025 ndo ilikuwa inatetemeka, matetemeko mfululizo mpaka watu zaidi ya elfu kumi wakaondoka kisiwani. Lakini hata bila tetemeko nisingeenda, na hapa ndo penye point yangu yote kwa hiyo nisikilizeni vizuri. Watu wakisikia "msimu wa chini" wanadhani ni kuchukua sehemu yoyote maarufu uende ikiwa nusu bei. Hapana. Kuna kijiji kilichotulia na kuna kijiji kilichofungwa, ni vitu viwili tofauti. Sehemu nyingi za pwani kule zimejengwa kwa ajili ya wageni tu, mwezi wa kumi ukiisha wanafunga mapazia, wafanyakazi wanarudi Athens au kwao Albania, unabaki wewe na paka. Hapo hutafurahia ukimya, utaumwa upweke.

Kabla sijalipa nilikuwa naangalia vitu vidogo tu: kuna shule? Kuna bekari na famasi? Kuna kanisa lenye padri wa kudumu? Kama watoto wanasoma pale, basi januari pia kuna mtu anauza mkate. Nilivyoona Galaxidi ina vyote hivyo nikakata shauri.

mzee_wa_shamba:
Dada hapo kwenye shule umenigusa. Hata huku kwetu ukitaka kujua mji upo hai angalia watoto wa shule asubuhi. Endelea kushusha.

ChefRodos:
Nasoma tu kwanza nitarudi kucomment, nina la kusema

BintiTanga:
Safari sasa. Nilishuka Athens, nikalala, asubuhi nikaenda stendi ya mabasi ya Liosion. Athens wana stendi mbili kuu za mikoani msije mkachanganya, ya Kifissos ni nyingine. Basi la mkoa huo linapita Thiva, Livadia, linapanda mpaka Arachova ambako ni mji wa watu wa ski, wale wa kuteleza kwenye theluji, barabara nyembamba na dereva anaongea na simu huku anakata kona mimi nimeshika siti kama nimepanda bajaji ya mlima Lushoto, halafu mnapita Delphi kabisa, magofu unayaona dirishani.

Kutoka Delphi kushuka ndo niliacha kuchat. Bonde zima chini ni mizeituni, zaidi ya miti milioni, inaanzia Amfissa inateremka mpaka bahari ya Itea, huoni mwisho. Itea ukipita kuna vilima vyekundu kama udongo wa kwetu, ni machimbo ya bauxite, madini ya kutengenezea aluminiamu. Halafu kona kadhaa za baharini, vizimba vya kufugia samaki vinaelea, na mji unatokea: nyumba za mawe na mapaa ya vigae zimepanda juu ya rasi ndogo, kanisa limekaa juu kabisa.

Uliza kabla ya kukata tiketi kama basi ni moja kwa moja au mnabadilisha Itea, na jumapili mabasi ni machache.

MamaKypseli:
BintiTanga kaa hapo hapo mimi ni Mkenya niko Athens mtaa wa Kypseli miaka mingi, naangalia wazee nyumbani kwao. Wacha niongezee kitu watu hawajui. Hizo pande za Galaxidi na Arachova watu wa Athens wanaenda wikendi winter yote. Ijumaa jioni mpaka jumapili mchana huwezi pata meza, jumapili usiku hakuna mtu. So kama unataka huo utulivu fika jumatatu uondoke alhamisi, lakini ujue pia mikahawa mingine inafungua wikendi peke yake. Hapo ndio kuna shida, ukitaka kimya utakula pale pamefunguliwa, si pale unapenda.

BintiTanga:
MamaKypseli umesema kweli tupu mamaangu. Katikati ya wiki nilikuwa na sehemu mbili za kula usiku, basi. Na mimi nikawa naenda ile ile moja kila siku mpaka yule kaka wa pale akawa haniletei menyu, ananiambia leo kuna nini na anakaa kusubiri nikubali.

Kipanga1:
Tupe maisha ya ndani sasa, chumba, bei, baridi

BintiTanga:
Chumba nilipata kwa mama mmoja mwenye nyumba, haikufika euro 50 kwa usiku, ina jiko na kibaraza cha kuona bandari. Juu ya hapo kuna kodi ya serikali ya mazingira inalipwa kwa nyumba, sio kwa kichwa: nyumba za kupanga kama ile ni euro 2 kwa siku kuanzia Novemba mpaka Machi, Aprili mpaka Oktoba ni euro 8. Hiyo peke yake inakuambia serikali yenyewe inataka mje lini.

Sasa baridi. Nje sio tatizo, mchana ilikuwa digrii kumi na mbili, kumi na nne, tatizo ni NDANI. Nyumba zao zimejengwa kukimbia joto la kiangazi, sakafu ya mawe au marumaru, kuta nene, jua likizama unahisi baridi inatokea chini ya miguu. Kwa hiyo swali la kwanza kumuuliza mwenye nyumba sio waifai, ni "unapasha moto nyumba kwa kitu gani". Wapo wanaotumia mafuta na wanabana kuyawasha maana ni ghali, wapo wenye kiyoyozi tu, na wapo wenye jiko la kuni, wa mwisho hao ndo wakimbilie. Na nenda na soksi nzito na ndala za ndani.

Kitu kingine maji ya moto. Juu ya mapaa wana tangi zinazochemshwa na jua, jua likiwepo unaoga bure. Likiwa na mawingu unaenda kwenye boksi la umeme ukutani, kuna swichi moja imeandikwa kwa kalamu, unaiwasha, unasubiri kama nusu saa, unaizima ndo unaoga. Mama mwenye nyumba alinionesha hiyo swichi siku ya kwanza kwa ukali kama ananikabidhi mtoto. Kuizima ndo muhimu kuliko kuiwasha. Jioni akiwa anapita chini ya dirisha alikuwa ananyoosha kidole juu anazungusha, maana yake umezima? Nimezima mama.

mzee_wa_shamba:
😂😂 huyo mama angekutana na mke wangu wangeelewana sana kwenye luku

BintiTanga:
Ratiba ya pale ni hivi. Asubuhi wavuvi wanarudi, sio wengi, mashua ndogo ndogo, wanakaa wanatoa samaki kwenye nyavu na paka wamejipanga. Kuna bandari mbili, kubwa ya mbele yenye migahawa wanaiita Agora na ndogo ya upande wa pili Chirolakas, mimi niliipenda hiyo ndogo, maji yanafika karibu na milango ya nyumba. Ukizunguka bandari kubwa unaingia msitu wa misonobari, Pera Panta, njia inafuata bahari mwanzo mwisho, hapo nilikuwa natembea kila asubuhi na sikutani na mtu zaidi ya bibi mmoja anachuma mboga za porini na kisu na mfuko wa nailoni.

Mchana kuanzia saa tisa na nusu mpaka kumi na moja na nusu ni muda wa kimya kisheria kabisa, usipige drili usipige mziki. Maduka siku nyingine yakifunga mchana ndo hayafungui tena. Mwanzoni nilikuwa nakasirika, nataka kununua betri, jamaa kafunga. Ikafika mahali na mimi saa tisa naenda kulala kwa amani.

Na ule mji una historia jamani sio mchezo. Karne ya 19 Galaxidi ilikuwa na merikebu za biashara nyingi sana, wanaunda wenyewe, manahodha wanaenda nazo mpaka bahari za mbali, ndo pesa iliyojenga zile nyumba kubwa. Meli za mvuke zilipokuja wao wakang'ang'ania matanga, mji ukaanguka. Jumba la makumbusho la bahari lipo, limejaa picha za merikebu zilizochorwa, kila nahodha alikuwa anachoresha ya kwake. Nilikuwa peke yangu mule ndani, nikazunguka nitakavyo bila kikundi cha watu mia kunisukuma mgongoni.

Katanga243:
Mimi niko Lubumbashi. Huku Wagiriki wako toka wakati wa wakoloni, wako na maduka, wako na kanisa na masomo yao. Lakini kijiji chao kule kwao sijawahi kusikia mtu anaelezea. Asante sana dada.

ChaliiWaArusha:
Hata Arusha mzee, walikuwepo wa mashamba ya kahawa na katani, ile shule ya St Constantine's ni wao Wagiriki walianzisha, na kanisa lao la Orthodox lipo mpaka leo.

BintiTanga:
ChaliiWaArusha subiri sasa umenikumbusha, hii nilikuwa nimeiweka akiba.

Kuna kafeneio moja nyuma ya bandari, ni kijiwe cha wazee, wanakunywa kahawa na kucheza tavli, bao lile la dadu. Sasa wanawake hawaendi sana, na mimi ni mwanamke, mweusi, nimevaa mtandio, siku ya kwanza naingia dadu zilisimama. Wallah. Nikasema kalimera, nikaagiza kahawa metrio, sukari ya wastani, nikakaa dirishani. Hakuna aliyesema kitu. Siku ya pili vile vile. Siku ya tatu babu mmoja mwenye kofia ya nahodha iliyochakaa akaniuliza kwa kiingereza cha kuokoteza natoka wapi. Nikasema Tanzania. Akasema Dar es Salaam? Nikasema hapana, Tanga.

Yule babu akapiga meza. TANGA! Akawageukia wenzake akaanza kuongea kigiriki haraka haraka. Kumbe alikuwa fundi wa mashine kwenye meli za mizigo ujanani, walikuja Tanga kupakia katani. Akachukua pakiti ya sigara akaifungua akageuza upande mweupe akachora ghuba, akachora kisiwa katikati, akaweka meli nje. Akanieleza meli haikuwa inasogea gatini, ilitia nanga hapo nje na marobota yanakuja kwa tishari, wanasubiri siku na siku, joto, mbu, na vijana wanapanda na mitumbwi kuwauzia madafu na embe. Wakuu kile kisiwa alichochora ni Toten. Mimi nimekua nakiona kile kisiwa kila siku nikienda shule, leo babu wa kigiriki ananichorea nikiwa Ugiriki. Nikampa na mimi habari kwamba gati limeboreshwa sasa meli kubwa zinafunga pale pale. Akakataa kuamini mpaka nikamwonesha kwenye simu, akaangalia sana, akasema sasa mabaharia hawataiona tena Tanga, wanapakia usiku wanaondoka asubuhi.

Kuanzia siku hiyo kahawa nilikuwa silipi. Unaenda kulipa unaambiwa imeshalipwa, nani kalipa hawakuambii.

Kipanga1:
Aisee nimesisimka. Hiyo pakiti ya sigara umeichukua?

BintiTanga:
Hapana alikuwa na sigara mbili bado zimebaki 😂

ChefRodos:
Haya sasa narudi. Mimi nimepika hotelini kisiwa cha Rhodes misimu kadhaa. Dada umeandika vizuri ila mnaopenda "ukimya" mjue ukimya huo una wenyewe. Sisi tunaanza Aprili tunamaliza Oktoba, unafanya kazi siku sita au saba kwa wiki, masaa usiulize, mwisho wa msimu mkataba umekwisha. Posho ya serikali ya wasio na kazi kwa watu wa msimu ni kama miezi mitatu, nyingine unajijua. Winter kule kwangu nilikuwa nakula dengu na nimejifunika mablanketi. Mgeni akija januari anasema waoo hakuna watu, mimi naona hakuna mshahara.

BintiTanga:
ChefRodos pole kaka, na sikupingi hata kidogo. Ila huoni kama na wewe unaunga mkono kile kile? Nchi ya watu milioni kumi na ushee, mwaka 2023 wageni walipita milioni 32, karibu wote wanajazana miezi ile ile na visiwa vile vile. Watu wakienda na februari kwenye vijiji vinavyoishi, yule kaka wa mgahawa hafungi. Yeye mwenyewe aliniambia anafungua katikati ya wiki kwa ajili ya walimu wa shule, wavuvi, na "wewe". Mimi nilikuwa theluthi ya biashara yake.

ChefRodos:
Hapo kidogo tunaelewana. Lakini wakija wengi februari si itakuwa agosti ya pili

BintiTanga:
Kwa ile baridi ya sakafuni? Hawaji, usijali.

mzee_wa_shamba:
Turudi kwenye msosi mabishano baadae

BintiTanga:
Msosi! Mboga zile za porini bibi alikuwa anachuma wanaita horta, wanachemsha tu wanamwagia mafuta ya zeituni na limau. Uchungu kwa mbali, kama mchunga kabisa, nilikula kila siku. Dagaa wakubwa wa kukaanga, wanaitwa gavros, unakula na kichwa. Supu ya maharage. Pweza wa kuchoma. Machungwa na malimau yapo mitini mpaka yanaanguka njiani.

Kuhusu samaki fungueni macho: samaki wabichi bei kwenye menyu ni ya KILO, sio ya sahani. Unaenda jikoni unamchagua, wanapima mbele yako, unauliza bei kabla hajaingia kwenye moto. Na kitu kilichogandishwa lazima waandike, utaona kanyota au herufi "κατ" pembeni ya jina. Mkate wanaleta bila kuuliza na wanauandika kwenye bili.

Sasa nilifika ikawa ndo alhamisi ya Tsiknopempti, ile ya kuchoma nyama kabla ya kwaresma yao. Mji mzima moshi. Majiko ya mkaa yamewekwa barabarani, kila duka lina jiko lake, kinyozi anachoma, muuza vifaa vya ujenzi anachoma. Mimi kitimoto sili kwa hiyo nilikuwa naelekezwa "kondoo kule! kondoo kule!" mpaka nikajikuta kwa muuza rangi za nyumba.

Kipanga1:
Kinyozi anachoma nyama, hii nchi naipenda

BintiTanga:
Halafu ikaja ijumaa tarehe 28 Februari. Ilikuwa miaka miwili tangu ile ajali ya treni ya Tempi iliyoua watu 57, wengi vijana wa chuo, na nchi nzima iligoma. Ndege, meli, treni vilisimama. Pale kijijini maduka yalifunga, kijiwe cha wazee pia, watu wakasimama bandarini wengi wamevaa nyeusi. Sikupiga picha. Nalisema hili pia kwa sababu ukienda Ugiriki angalia kama kuna mgomo siku yako ya kusafiri, hutangazwa mapema.

MamaKypseli:
Hiyo siku hapa Athens sijawahi kuona watu kama hao. Bibi ninayemwangalia ana miaka tisini na kitu alinilazimisha nimpeleke na kiti cha magurudumu.

BintiTanga:
Mungu awarehemu.

Sasa Jumatatu Safi, hii ilikuwa 3 Machi, siku ya kwanza ya kwaresma yao. Na Ramadhani ilianza wikendi hiyo hiyo, kwa hiyo mimi na kijiji kizima tukaanza kufunga pamoja, tofauti ni kwamba wao kufunga kwao ni kuacha nyama, maziwa, mayai, samaki, halafu wanakula pweza na kamba mpaka wanalala. Kwingine Ugiriki siku hiyo wanarusha tiara na kula lagana, mkate bapa wenye ufuta unaookwa kwa ajili ya siku hiyo. Galaxidi wao wanapigana vita ya unga.

Sio utani. Wanasema ilianza 1801 chini ya Waturuki. Tangu jumamosi unaona watu wanafunika nyumba za bandarini kwa nailoni, milango, madirisha, mpaka taa za barabarani. Wageni kutoka Athens wakaanza kumiminika, kile kijiji changu cha paka na wazee sikukitambua. Jumatatu mchana watu wamejipaka masizi usoni, wamejifunga makengele ya kondoo kiunoni, wamevaa mavazi ya rangi kama ya kupulizia dawa shambani na miwani ya kuogelea, wana magunia ya unga uliotiwa rangi, bluu, nyekundu, njano, zambarau. Halafu wanaanza kurushiana. Huoni mita mbili mbele. Kaka wa mgahawa yule mpole alinimwagia gunia la bluu kichwani anacheka kama mtoto. Mama mwenye nyumba wa miaka sabini na ushee alikuwa juu ya ngazi anarusha kwa mikono miwili. Mimi nimefunga, mdomo nimeubana, nahema kwa pua kupitia mtandio, sijui hata kama ule unga ulinifunguza, masheikh mtanijibu.

Jioni nimekaa ngazini nina rangi nne, mama akaja na sahani imefunikwa: lagana, maharage makubwa, pweza, zeituni, na kipande cha halva ya ufuta. Alikuwa ameuliza mtu muda wa kufungua akaambiwa jua likizama, akasubiri kabisa mpaka jua limezama, saa kumi na mbili na dakika ishirini hivi. Tukala. Kesho yake manispaa ikaja na mipira ya maji wakaosha bandari, bahari ya karibu na gati ikawa na rangi ya maziwa, na mji ukarudi kwa wenyewe.

mzee_wa_shamba:
Unga ukikuingia bila kukusudia hakuna tatizo dada, swaumu ipo. Kuoga ile rangi ndo kazi

Kipanga1:
Swali la uzito. Sisi ngozi nyeusi tunapokelewaje? Ukweli tu

BintiTanga:
Ukweli ni macho. Wanaangalia sana, kijijini ndo zaidi, hawafichi. Sikutukanwa. Basi la kurudi walipanda askari wakakagua vitambulisho, walikuja moja kwa moja kwangu na kwa vijana wawili wa Kipakistani nyuma, wengine hawakuulizwa. Nikatoa kadi ya ukaazi, wakarudisha, wakashuka. Inauma kidogo baada ya wiki nzuri, ila tembea na karatasi zako.

MamaKypseli:
Hata kama umeenda kununua maziwa tembea nazo. Na kwa waislamu, Athens kuna msikiti rasmi toka Novemba 2020, uko Votanikos, kabla ya hapo watu walikuwa wanaswali kwa basement tu.

ChaliiWaArusha:
Sisi wa kutokea Bongo viza je

MamaKypseli:
Ni Schengen ile ile, viza moja ya nchi nyingi za Ulaya. Ada euro 90 kwa mtu mzima toka Juni 2024, bima ya safari ya angalau euro 30,000, na utakaa si zaidi ya siku 90 kwa kila siku 180. Unaweza omba miezi sita kabla, usingoje wiki mbili za mwisho. Ukiomba winter angalia booking yako iwe ya mahali pamefunguliwa kweli.

Katanga243:
Na Delphi uliingia?

BintiTanga:
Niliingia, ni karibu kilomita 30 na kidogo kutoka Galaxidi. Winter wanafunga mapema mchana kwa hiyo nenda asubuhi. Jumapili ya kwanza ya mwezi kuanzia Novemba mpaka Machi ni bure, mimi nilienda siku hiyo, tarehe 2 Machi, nimefunga, kupanda mpaka uwanja wa michezo juu kabisa bila maji. Kulikuwa na ukungu na milozi imechanua. Uzi wake nitafungua mwenyewe.

Kipanga1:
Mwakani hiyo vita ya unga lini? Nina ndugu yangu Italia nataka nimburute

MamaKypseli:
Jumatatu Safi 2026 ni 23 Februari, na 2027 ni 15 Machi. Shika chumba mapema, hiyo wikendi peke yake bei inapanda mara mbili.

BintiTanga:
Na Ramadhani 2026 itakuwa imeshaanza tena hapo, kwa hiyo mtanikuta. Kipanga1 nunua miwani ya kuogelea huku huku kabla hujafika, pale bandarini asubuhi ile walikuwa wanauza kwa bei ya kichaa. Na nguo usiyoipenda. Mtandio wangu nimefua mara nne bado ni wa bluu.